Mudathiri na Mstari wa Vali ya Kumi na Saba

Mudathiri bin Abuu alichapwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mabibo. Alikuwa na miaka saba. Msimu wa korosho watoto wa nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Masasi, walitumwa shambani asubuhi kuokota zilizoanguka, na kila mtoto alipewa safu yake ya mikorosho. Mudathiri alirudi na nusu ndoo. Baba yake akaenda kuikagua ile safu, akakuta mabibo yamelala majanini, mekundu, manene, kila bibo na korosho yake, kana kwamba hakuna aliyepita.

"Ulikuwa umelala," baba akasema.

Mtoto akaapa hakulala. Fimbo zikafuata, za kwanza kwa uvivu, za pili kwa uongo.

Ukweli ni kwamba hakuyaona. Mabibo ya njano aliyaona tangu mbali. Haya mengine, kwake, yalikuwa na rangi ileile ya majani yaliyoyafunika. Lakini mtoto wa miaka saba atajuaje kuwa wenzake wanaona kitu asichokiona yeye? Alichojua ni kwamba amesema kweli na amepigwa kama mwongo, na hilo lilimkaa moyoni kuliko maumivu ya fimbo. Msimu uliofuata alibuni mbinu yake. Alipita safuni pekupeku, akipapasa majani kwa nyayo hatua kwa hatua, na ndoo yake ikajaa kuliko za wote. Hakumwambia mtu alivyofanya.

Mama yake, Mwanakombo, ndiye aliyegundua. Siku moja alimtuma amletee kitenge chekundu kambani, akaletewa cha kijani. Akamrudisha, akaletewa kilekile. Mwanakombo hakugomba, alimshika mkono wakaenda hospitali, pale Mkomaindo, kwa muuguzi wa macho. Muuguzi akafungua kitabu chenye kurasa za nukta nyinginyingi, akamuuliza mtoto anaona namba gani. Mudathiri akajibu kuwa anaona nukta. Ukurasa wa pili, nukta. Wa tatu, nukta.

"Macho yake mazima," muuguzi akasema, "ila nyekundu na kijani kwake ni mapacha. Hakuna dawa, mama, na wala si ugonjwa. Kazaliwa hivyo. Huenda hata baba yako wewe alikuwa vilevile."

Mwanakombo alicheka njia nzima. "Ndiyo maana marehemu baba alikuwa akirudi sokoni na nyanya mbichi," alisema, "na mama akimwambia amerogwa!" Nyumbani alimweleza mumewe. Mzee Abuu hakumwomba mtoto radhi, maana hakuzoea mambo hayo, lakini tangu siku ile hakumnyanyulia tena fimbo. Mudathiri aliisubiri ile radhi miaka na miaka. Baba yake alifariki bila kuitamka.

Alipomaliza kidato cha nne akaenda chuo cha ufundi kusomea kompyuta. Huko mwalimu wa programu alikuwa akirusha maandishi ukutani kwa projekta na kuwaambia wanafunzi, "Mnaona? Maneno ya kijani ni maelezo ya binadamu, mashine haiyasomi, inayaruka tu. Maneno mekundu ndiyo amri. Ukijua rangi, umejua nusu ya kazi."

Mudathiri aliona ukuta wenye maandishi ya rangi moja ya matope. Akanyoosha mkono, akasema hivyo.

Mwalimu alimtazama kwa huruma ya aina ile inayouma. "Kazi hii ni ya macho, kijana. Ni bora ukahamia fani nyingine mapema."

"Fani gani, mwalimu?"

"Hata umeme."

Darasa zima likaangua kicheko, maana kila mtu anajua fundi umeme anaishi kwa rangi za nyaya. Mwalimu mwenyewe alicheka alipotambua alichokisema. Mudathiri hakucheka, na fani hakuhama. Wiki ile alishinda kwenye chumba cha kompyuta akiifukua ile programu ya kuandikia, menyu kwa menyu, faili kwa faili, mpaka akafika kwenye kijifaili kidogo cha maandishi ya kawaida ambamo rangi zote zilikuwa zimeorodheshwa: maelezo, rangi hii, namba, rangi ile, amri, rangi nyingine. Akakitazama kwa muda. Kumbe hazikugongomelewa ndani ya mashine! Kuna mtu, mahali fulani, alikaa kitini akazichagua kwa sababu zinapendeza machoni pake. Na kilichopangwa na mtu, mtu anaweza kukipangua.

Akapangua. Maelezo akayafanya ya buluu na ya mlazo, herufi zimeinama. Amri akazinenepesha. Namba akazipa njano. Kwa mara ya kwanza ukurasa ulimfunukia.

Mwalimu alipopita nyuma yake alikunja uso. "Rangi gani hizi? Zinaumiza macho."

"Ya kwako, mwalimu," Mudathiri akajibu. "Ya kwangu yamepona."

Jibu lile lilimgharimu siku mbili za kufyeka majani ya chuo. Aliyafyeka akipiga mluzi.

Alipofika miaka ishirini na tisa, Mudathiri alipata kazi ya mkataba Newala, kwenye mradi mdogo wa maji ulioendeshwa na jumuiya ya vitongoji ishirini na vinne. Watu wa kule, juu mlimani, wanajua thamani ya maji kuliko wanavyojua thamani ya kitu kingine chochote. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote; maji yapo chini bondeni, na bibi zao wote walikuwa wakiyashukia kwenye mteremko na kupanda nayo kichwani. Mradi ule ulikuwa na pampu bondeni, tangi kubwa juu, na mabomba yaliyotawanyika hadi vitongojini. Kwa kuwa maji hayakutosha kwenda kote kwa pamoja, yaligawanywa kwa zamu. Kila kitongoji kilikuwa na vali yake, iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, na vali hizo zilifunguliwa na kufungwa na kompyuta iliyokaa ofisini, kwa kufuata ratiba.

Ratiba yenyewe ilikuwa faili la maandishi. Jina lake liliishia kwa nukta na neno "zamu", mkia uliobuniwa na mafundi walioufunga mtambo. Lilikuwa na mistari zaidi ya mia nne, yote myeusi, imebanana kama nywele za kusuka. Kila kitongoji kilitangulizwa na kichwa cha habari chenye alama ya nukta mkato mwanzoni, na chini yake mistari ya amri: vali namba fulani, siku fulani, saa fulani, ifunguliwe masaa mangapi. Nukta mkato ilikuwa na kazi moja tu. Mstari wowote ulioanza nayo, mashine iliuruka.

Mkuu wa mradi alikuwa Injinia Haji, mtu wa makamo, mchapakazi asiye na mzaha. Haki yake apewe: mwaka ule pampu ilipokufa wakati wa kiangazi, alikaa bondeni siku tisa na mafundi, akila mihogo ya kuchoma pamoja nao, mpaka ikaunguruma. Watu walimheshimu kwa hilo. Lakini siku ya kwanza tu alimwambia Mudathiri, "Wewe kazi yako ni kuchapa taarifa na kuangalia mashine isizimike. Faili la ratiba usiliguse. Lilipangwa na wataalamu."

Na kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, kwenye benchi la ofisi ile alikaa mama mmoja wa Namitunda, kitongoji kilichoko mbele ya Mnyambe. Jina lake Salome, lakini wote walimwita Mama Ida.

"Shikamoo, mama," Mudathiri alimwamkia Jumatatu ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo, mama. Nimetoka Masasi."

"Basi utanizoea. Mimi nakaa hapa mpaka maji yatoke kwetu."

Julia, katibu wa ofisi, alimsimulia mambo yalivyokuwa. Mwaka uliopita, mwezi wa tatu, bomba linalokwenda Namitunda lilipasuka. Likatengenezwa kwa siku mbili. Lakini tangu hapo kitongoji hakikupata hata tone. Injinia alikwenda kule na gari la matangazo, akasema kwenye kipaza sauti kuwa watu wa Namitunda wamelikata bomba kwa siri ili wamwagilie bustani, na hawatapata maji mpaka wawataje wahalifu. Watu wakaapa. Wakapuuzwa. Mwenyekiti wa kitongoji akajiuzulu kwa aibu. Kisha wanaume kwa wanawake walishika majembe wakalifukua bomba lote, kilomita moja na zaidi, kutafuta mahali palipokatwa. Hawakupaona.

"Halafu?" Mudathiri akauliza.

"Halafu Injinia akasema wamepaziba wenyewe kabla hajafika."

Kuanzia siku ile, kila Mudathiri alipomwona Mama Ida pale kwenye benchi, mgongo wima, miguu ina vumbi, akiwa amepanda pikipiki kutoka Mnyambe ili aje kuitwa mwongo, kitu kilimchoma kifuani. Alijua ladha ya jambo lile.

Jumapili moja alikaa kwenye chumba chake cha kupanga, mlango wazi, jua la saa nne likiingia hadi kwenye mkeka, akaiwasha laptopu yake. Ijumaa alikuwa amenakili lile faili kwenye flashi. Hakuligusa, alilinakili tu. Alitaka kulisoma kwa utulivu, lakini kila aliposhuka mistari hamsini macho yalianza kuelea. Nukta mkato zilijaa kila mahali, vichwa vya habari na amri vimechanganyika. Mtu mwenye macho ya kawaida angechoka pia. Programu yake ya kuandikia, ambayo ilijua kupaka rangi lugha nyingi za kompyuta kwa kuangalia tu mkia wa jina la faili, ilipofika kwenye "zamu" ilikwama. Pembeni, chini kabisa ya kioo, iliandika: maandishi matupu.

"Matupu mwenyewe," Mudathiri akaiambia.

Akaanza kuifundisha. Alifungua faili jipya, akaandika kanuni moja baada ya nyingine. Kanuni ya kwanza: faili lolote ambalo jina lake linaishia kwa nukta zamu, lihesabiwe kuwa la aina hii. Ya pili: herufi V ikifuatwa na tarakimu, hiyo ni vali, inenepeshwe. Ya tatu: majina ya siku, yawe ya buluu. Ya nne: nukta mkato, na kila kinachoifuata, ni maelezo, yawe ya mlazo, juu ya kivuli cha kijivu. Alikwepa nyekundu na kijani kama mtu anayekwepa shimo analolijua.

Alipolifungua faili, hakuna kilichobadilika. Akatafuta kosa nusu saa nzima, kumbe ameandika "zanu" badala ya "zamu". Akarekebisha. Safari hii ukurasa mzima ukawa kijivu kuanzia juu hadi chini, kwa sababu alisahau kuiambia kanuni ya nne kwamba maelezo yanakoma mstari unapokoma. Akacheka peke yake, akaongeza alama moja, akalifunga faili, akalifungua tena.

Pembeni chini, palipokuwa na maandishi matupu, sasa paliandikwa: Zamu.

Alilitazama lile neno kwa fahari asiyoweza kumweleza mtu. Kisha akaanza kushuka. Kichwa cha habari, kivuli. Amri, nene. Kichwa, kivuli; amri, amri, amri. Ukurasa ulikuwa na mwendo kama ngoma iliyopangwa vizuri, hata jicho lilikwenda bila kusukumwa. Kitongoji cha kumi na tano, sawa. Cha kumi na sita, sawa. Alipofika Namitunda mkono wake ulisimama. Kichwa, kivuli. Chini yake, kivuli. Chini yake tena, kivuli.

Hapakuwa na amri hata moja. Mistari ilikuwa hivi:

; NAMITUNDA
; imesimamishwa siku mbili, bomba linatengenezwa. 14 Machi. H.
; V17 JUMATANO 06:00 MASAA 4

Mtu alikuwa ameweka nukta mkato mbele ya amri ya vali ya kumi na saba ili mafundi wafanye kazi pasipo maji, na mtu huyo hakurudi kuiondoa. Katikati ya nukta mkato mia zilizo halali, hii moja ilijificha miezi kumi na moja. Mudathiri aliinuka, akatoka nje, akarudi, akausoma tena. Haukubadilika.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Injinia kabla ya saa mbili, akiwa na ukurasa mmoja aliouchapa mezani kwa Julia, huku akimweleza habari za rangi na za macho yake kwa sauti iliyofika hadi ndani.

"Umeligusa faili?" Injinia Haji akauliza hata kabla Mudathiri hajaketi.

"Sijaligusa, Injinia. Nimelinakili kwenye laptopu yangu."

"Nani alikuruhusu kunakili?"

"Hakuna. Naomba usome mistari mitatu ya Namitunda."

Injinia akavaa miwani. Mudathiri aliona macho yake yakifika kwenye ile herufi H na kubaki hapo. Injinia akaiweka karatasi mezani kifudifudi.

"Nimesikia umepaka rangi," akasema polepole. "Wewe, usiyejua nyekundu na kijani, leo ndiye wa kunisomea mimi rangi?"

"Sisomi rangi, Injinia. Karatasi hiyo ni nyeusi na nyeupe. Nasoma nukta mkato."

Walitazamana. Injinia ndiye aliyeangalia pembeni. "Iache hapa," akasema. "Nitalishughulikia."

Na kweli alilishughulikia. Jumatano alfajiri maji yalitoka Namitunda. Mudathiri alipigiwa simu na Mama Ida mwenyewe. Nyuma ya sauti yake zilisikika ndoo zikigongana na wanawake wakipiga vigelegele. Alidhani mambo yameisha, na kwa siku tatu alikuwa mtu mwenye furaha.

Jumamosi ulikuwa mkutano wa wajumbe wa vitongoji vyote, uwanjani mbele ya ofisi, na mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Nurdin, alikuwa mezani. Injinia Haji aliposimama kutoa taarifa alisema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Ndugu wajumbe, nafurahi kuwaarifu kuwa lile bomba la Namitunda walilolihujumu wenyewe tumefanikiwa kulitengeneza. Tunawaonya wasirudie."

Wajumbe wakapiga makofi. Mama Ida akasimama. "Tulilikata wapi?" akauliza. "Nionyeshe. Tulilifukua lote."

"Mama Ida," Mzee Nurdin akamwambia kwa upole, "maji si yametoka? Yaliyopita si ndwele."

Mudathiri angeweza kubaki amekaa. Maji yalikuwa yametoka, mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minne, na mkubwa wake alikuwa amemkazia macho. Lakini alimtazama yule mama aliyesimama peke yake katikati ya makofi, akajua kwamba akikaa, mama yule atabaki mwongo mpaka kufa kwake, na watoto wake watarithi.

Akasimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Wewe si mjumbe," Injinia akasema.

"Ndiyo, si mjumbe. Lakini ninayo nakala ya ratiba." Akaitoa mfukoni, alikuwa amechapa mbili. "Hakuna aliyelikata bomba. Vali yao ilisimamishwa kwenye ratiba tarehe kumi na nne Machi, kwa siku mbili, na ikasahauliwa. Aliyeisimamisha ameandika herufi yake. Mwenye kujua kusoma asome."

Karatasi ile ilipita mkono kwa mkono. Ule mlazo na kile kivuli, vilivyowekwa kwa ajili ya macho ya Mudathiri, vilionekana na kila mtu hata kwenye wino mweusi wa printa. Mjumbe mmoja alisoma kwa sauti. Uwanja ukavuma. Injinia alisema ni hitilafu ya mtambo. Mjumbe mwingine akamjibu kuwa mitambo haiandiki herufi H. Mzee Nurdin, akitokwa na jasho, akaahirisha mkutano na kusema itaundwa kamati. Kamati haikuundwa.

Iliyofika ni barua. Mudathiri alipewa onyo kwa kunakili nyaraka bila idhini, akaambiwa atie saini kuwa amepokea na amejutia. Alitia saini, akalikata neno "amejutia" kwa mstari mmoja ulionyooka, akairudisha. Julia aliipokea, akaisoma, akainama ili asionekane akitabasamu.

Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Mama Ida alikuja kumuaga stendi.

"Umejiharibia kazi, mwanangu."

"Kazi zipo, mama."

"Maji tunachota," mama akasema, "lakini bado hawajasema. Mjukuu wangu shuleni wanamwita mwizi wa bomba." Akamshika mkono, akauachia, akaondoka bila kugeuka.

Mudathiri alirudi Masasi, akapanga chumba cha mbele Mkomaindo, karibu na barabara ya hospitali, akaweka meza, kompyuta mbili na printa. Aliwachapia watu barua na kutengeneza simu. Zile kanuni za "zamu" alizisafisha, akaziweka mtandaoni bure kwa yeyote mwenye mtambo kama ule, na juu yake akaandika maelezo kwa Kiswahili. Mama yake alimuuliza faida yake ni nini. Akajibu kuwa bado anafikiri.

Mwezi wa nane tangu aondoke, simu ikaita. Alikuwa Julia.

"Mudathiri, hali yako? Injinia Haji amehamishwa. Kuna injinia mpya, na kompyuta mpya. Faili sasa lina mistari mia saba, na tangu uondoke hakuna anayeliona vizuri. Wiki iliyopita vitongoji viwili vilichanganywa. Injinia anaomba uje umwekee zile rangi zako."

"Kanuni ziko mtandaoni, dada Julia. Mtu yeyote anaweza kuziweka."

"Tumejaribu. Mkia wa faili umebadilishwa, na mistari imepangwa upya. Njoo. Utalipwa."

Mudathiri alitazama barabarani, ambako muuza karanga alikuwa akipanga vifurushi vyake. "Nitakuja," akasema, "siku mtakayokwenda Namitunda kusema kuwa kosa lilikuwa la ofisi. Msiseme ofisini. Mkaseme kwao, mchana, kwa kipaza sauti, kwa sababu walitukanwa kwa kipaza sauti."

"Mzee Nurdin hatakubali."

"Basi asome maandishi matupu."

Mzee Nurdin alikataa wiki ya kwanza, akasema hapangiwi la kusema na fundi simu. Wiki ya pili alinyamaza. Wiki ya tatu ratiba ikachanganya tena, na safari hii kitongoji kilichokosa maji kilikuwa chake mwenyewe. Alhamisi iliyofuata gari la matangazo lilielekea Namitunda, na Mudathiri akatoka Masasi asubuhi kwenda kushuhudia kwa macho yake.

Watu walikuwa wamejaa. Mzee Nurdin akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema kuwa ilitokea kasoro ndogo ya kiofisi, kwamba jumuiya inasikitika, na kwamba sasa tujenge umoja. Akasubiri makofi. Hakuna aliyepiga.

Mama Ida akasimama. "Endelea, mwenyekiti."

"Nimemaliza, Mama Ida."

"Hujamaliza. Tulipotukanwa tulitukanwa saa nzima. Wewe umesema dakika mbili. Taja tarehe. Taja miezi mingapi. Sema kama sisi ni wezi au si wezi, watoto wasikie."

Mzee Nurdin akageuka kumtazama Mudathiri, kama anayeomba kuokolewa. Mudathiri alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mkorosho, begi la laptopu likiwa magotini mwake, zipu imefungwa. Hakuigusa ile zipu. Mzee akapangusa uso, akainua tena kipaza sauti, na safari hii akaanzia mwanzo: tarehe kumi na nne, mwezi wa Machi.